ANAYEMLINDA MGONJWA WA MOYO, NANI ANAMLINDA?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kaske, viatu, miwani, mavumbi na kelele za mashini. Leo tunaacha mgodi kidogo, tunaingia ndani ya nyumba. Mtaona kwamba hatukuenda mbali sana na kazi.

Chukua nyumba moja ya Kamina, karibu na reli, namna ile tunayoijua sisi wote. Baba anafanya kazi katika mgodi upande wa Kolwezi, anarudi wakati wa konje. Mama yake, nkambo wa watoto, ana ugonjwa wa moyo wa muda mrefu. Hawezi kulala chali. Analala ameketi, ameegemea mito na gunia lililokunjwa. Usiku anaamka mara tatu, mara nne, pumzi imekatika. Kila mara anayeamka pamoja naye ni mtu mmoja tu: mke wa yule mfanyakazi. Ndiye anayefungua dirisha, anayemketisha mkwe wake, anayemshusha miguu, anayempeleka chooni, maana dawa ya kukojosha haingoji asubuhi. Saa kumi na moja anawasha makala, anachota maji, anatayarisha watoto wa masomo. Saa mbili yuko sokoni na beseni lake. Kisha usiku unarudi tena. Ukiuliza mtaani nani mgonjwa katika nyumba ile, watu watakujibu: nkambo. Hakuna atakayemtaja yule mwingine.

Huyo mwingine ndiye tunayetaka kumzungumzia leo.

PAMPU ILIYOCHOKA

Kwanza inafaa tujue ugonjwa wenyewe, kwa sababu mtu anayelinda pasipo kujua analinda kwa woga, na woga unachosha kuliko kazi.

Wafanyakazi wa chini ya ardhi wanajua kazi ya pampu. Katika mwaka 2011, kule Kipushi, pampu za chini zilishindwa, na maji yakapanda pole pole ndani ya galeri. Hakuna mtu aliyeyamwaga maji yale. Yalikuwa yanaingia siku zote kutoka katika mwamba. Tofauti ni kwamba hakukuwa tena na nguvu ya kutosha ya kuyatoa. Ilihitaji kazi ndefu sana kuyanyonya, na kiwanda kilianza tena kutoa zinki katika mwaka 2024 tu. Moyo uliochoka ni namna ileile. Damu inafika, lakini moyo hauna nguvu ya kuisukuma yote mbele. Basi maji yanabaki nyuma: yanaingia katika mapafu, mtu anakosa pumzi, yanashuka katika miguu, viatu haviingii tena, yanajaa tumboni, chakula kinakataa kushuka.

Kwetu Afrika, kinachochosha moyo mara nyingi ni tansio iliyopanda miaka mingi pasipo mtu kuitunza. Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2012 ulitazama wagonjwa 1,006 wa moyo walioingia katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo. Karibu nusu yao, 45 kwa mia, ugonjwa wao ulitoka katika tansio. Lakini hesabu inayotupasa kuitazama vizuri zaidi ni ile ya umri: wastani ulikuwa miaka 52. Kule Ulaya wagonjwa wa namna hiyo mara nyingi wamepita miaka 70, watoto wao ni watu wazima wenye mishahara. Hapa kwetu mgonjwa ni baba au mama ambaye angali na watoto wa masomo, na huenda angali na mama yake mwenyewe wa kulisha. Kwa hiyo anayemlinda naye si mtu mwenye nafasi. Ni bibi mwenye mtoto mgongoni, au msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeondolewa masomo kwa wiki mbili, na zile wiki mbili zikawa mwaka.

Kuna magonjwa mengine ya moyo tusiyoyasahau. Moja linaanzia katika koo la mtoto. Koo linauma, homa inapita, watu wanasahau; lakini kwa watoto wengine mwili unaanza kushambulia valvu za moyo, vile vifuniko vinavyozuia damu isirudi nyuma. Mtoto huyo anahitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Anayehesabu wiki ni mama yake. Jingine linawapata mama waliojifungua: kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano kiisha kuzaa, moyo unaweza kulegea. Watu wanaona miguu imevimba, wanasema ni uchovu wa kuzaa. Pale mlinzi anakuwa na wagonjwa wawili mikononi, mama na mtoto mchanga anayelia maziwa.

KAZI ISIYO NA POSTI

Mgodini tuna posti. Posti ya asubuhi, ya mchana, ya usiku. Saa ikipiga, mwenzako anafika, unampa mashini na kumwambia hali yake, unakwenda kuoga. Kazi ya kumlinda mgonjwa wa moyo haina mwenzako anayefika. Na haina mwisho unaojulikana, maana ugonjwa huu si kama malaria unaomwangusha mtu siku tano kisha unamwacha. Unakuja, unapungua, mgonjwa anatembea hadi kanisani, watu wanashukuru; mwezi unaofuata amerudi hospitali. Mlinzi hajui kama apumzike au ajitayarishe.

Tuhesabu dawa tu. Kuna furosemidi, ambayo wengi wanaiita Lasix, ya kutoa maji. Ukimpa jioni, hamtalala ninyi wawili. Kama munganga hakusema vingine, dozi yake ni ya asubuhi. Kuna kaptoprili au enalaprili ya kupunguza mzigo wa moyo. Wengine wanapewa digoksini, na hiyo inataka macho sana, kwa sababu kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru vinakaribiana. Mgonjwa wa digoksini akianza kukataa chakula, kutapika, kuona vitu kama vya manjano, asiongezewe hata kidonge kimoja, apelekwe. Ukisahau dozi ya jana, usimpe mbili leo. Yote haya yanakaa katika kichwa cha mtu mmoja ambaye labda hakusoma sana, na ambaye hakupewa hata kipande cha kartasi. Twaomba jambo moja: kila nyumba yenye mgonjwa wa moyo iwe na daftari, lile la watoto la kurasa 48 linatosha. Yaandikwe majina ya dawa, saa zake, siku zitakapomalizika. Siku mlinzi akianguka yeye mwenyewe, mwingine atasoma na kuendelea.

Asubuhi mgonjwa apimwe uzito kama kuna kilo ya kupimia. Akiongezeka kilo 2 katika siku tatu, si kwamba amenona, ni maji. Pasipo kilo, bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, hesabu hadi tano, ondoa. Shimo likibaki, maji yapo. Au mfunge kamba juu ya kifundo cha mguu, uweke fundo mahali inapokutana, ulinganishe siku kwa siku.

VITA VYA CHUMVI

Tungeweza kuandika ukurasa mzima juu ya chumvi. Katika nyumba nyingi si dawa inayoleta ugomvi. Ni chungu.

Chumvi inafunga maji ndani ya mwili, na maji ndiyo adui wa moyo uliochoka. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hata mtu mzima asiye na ugonjwa asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja. Sasa tazama meza yetu ya Haut-Lomami. Samaki wanatoka Upemba na Kisale, wanapita Bukama na Malemba-Nkulu, wanafika Kamina wakavu, na wengi wamekaushwa kwa chumvi. Sombe inatiwa chumvi, mara nyingine na soda ya kulainisha, na soda nayo ina kitu kilekile kinachofunga maji. Juu ya hayo tunatia vile vidonge vya supu vya dukani, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Bukari peke yake ndiyo haina neno.

Mlinzi aliyeelezwa na munganga anaanza kupika pasipo chumvi. Siku ya kwanza mgonjwa anavumilia. Siku ya tatu anasukuma sahani. Siku ya tano anawaambia wageni: mke wa mtoto wangu ananinyima chakula. Wifi anatoka upande wa pili wa mji, amefunga kipande cha samaki wa chumvi katika kitambaa, kwa upendo kabisa, na kumpa mama yake mlangoni. Usiku ule pumzi inakatika. Anayeamka si wifi.

Dada, kaka, shemeji, tunawaomba mwelewe. Yule anayeficha chumvi si askari, wala hana moyo mbaya. Amepewa kazi ngumu kuliko zote: kumkatalia mtu mzima kitu kidogo anachokipenda, kila siku, mara tatu kwa siku. Mkitaka kusaidia, njoni mseme ninyi kwa kinywa chenu mbele ya mgonjwa kwamba chumvi ni agizo la munganga. Maneno ya mtoto aliyezaliwa na mgonjwa yana uzito ambao maneno ya mkwe hayana.

Na katika kupika, kuna njia inayopunguza ugomvi. Chungu kiwe kimoja kwa nyumba nzima, pasipo chumvi, na wazima wajitilie kidogo katika sahani yao wenyewe. Hivyo mgonjwa hali peke yake kama mtu wa kifungo, na mpishi hapiki mara mbili. Ndimu, tomati, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, majani ya matembele na lengalenga vinaleta ladha. Samaki wa moshi asiyetiwa chumvi, au mbichi akipatikana, ni afadhali. Yule wa chumvi, hata akilala katika maji usiku kucha na maji yakamwagwa, anabaki na chumvi nyingi kwa mtu wa moyo.

MANENO YA MTAANI

Ndugu, hatuwezi kuruka jambo hili. Mtu anavimba tumbo na miguu, anapona, anavimba tena. Dawa inapatikana leo, kesho imekosekana. Watu wanatafuta sababu, na macho yanamgeukia aliye karibu zaidi na kitanda. Aliye karibu ni nani? Ni yule anayepika. Ni yule mkwe aliyetoka kwa watu wengine. Tumeona familia ambazo bibi alilinda mgonjwa miaka, akapunguka mwili, na mwishoni malipo yake yakawa kuitwa mlozi siku ya matanga.

Ukurasa huu haukuja kubishana na mtu juu ya imani yake. Lakini shimo la kidole juu ya mguu linatokana na maji, na maji yanatokana na pampu iliyochoka. Munganga anaweza kulieleza hilo mbele ya wazee wa familia. Kwa hiyo mkienda kumwona munganga, msimwache mlinzi aende peke yake. Aende pamoja na mkubwa mmoja wa ukoo, mjomba au kaka mkubwa, asikie kwa masikio yake jina la ugonjwa, na kwamba hauponi kabisa, na kwamba utapanda na kushuka. Safari hiyo moja inaweza kumlinda yule bibi kuliko maneno mengi ya baadaye.

NDANI YA MWILI WA MLINZI

Tuangalie sasa yeye mwenyewe. Usingizi umekatwa vipande. Mgongo unauma kwa kumwinua mtu mzima. Anasahau kula, au anakula mabaki akiwa amesimama. Hasira inapanda kwa jambo dogo, mtoto anapigwa kwa kikombe kilichovunjika, kisha mama analia peke yake nyuma ya nyumba. Mara nyingine linampitia wazo: afadhali haya yaishe. Halafu anajiogopa kwa wazo lile, hamwambii mtu. Mama, wazo lile linawapitia walinzi wengi sana, hata wanaopenda mgonjwa wao kwa moyo wote. Maana yake umechoka. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Kule Marekani wachunguzi waliwafuata kwa miaka minne wazee walioishi na mume au mke mgonjwa, na wengine ambao mwenzao alikuwa mzima. Walitangaza matokeo mwaka 1999. Wale waliolinda na kuona kwamba mzigo unawalemea walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa 63 kwa mia. Walinzi ambao hawakuona mzigo unawalemea hawakuonekana na hatari hiyo. Twaona basi kwamba jambo si kulinda tu. Ni kulinda hadi mtu analemewa pasipo msaada. Waganga wana hata orodha ya maswali 22 ya kupima mzigo huo, iliyotungwa na wachunguzi wa Marekani. Haihitaji mashini wala sindano, ni kumuuliza mtu na kusikiliza anachojibu.

Wewe uliye mume, au ndugu, unaweza kumuuliza mlinzi wa nyumbani kwako maswali machache kwa maneno yako. Ulilala saa ngapi jana pasipo kukatizwa? Lini mara ya mwisho ulitoka nyumbani kwa jambo lako mwenyewe, si kwa dawa wala soko? Dawa zako wewe ziko wapi? Usimuulize: unaweza? Atajibu naweza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Neno moja kwa nyumba ambamo mgonjwa ni mume au mke. Wengi wanaacha kulala pamoja kwa woga kwamba tendo la ndoa litamuua mwenye moyo. Hawasemi, wanahamishana vyumba, na huzuni inaingia. Kwa kawaida mgonjwa ambaye hali yake imetulia, anayeweza kutembea haraka kidogo pasipo kukosa pumzi wala kuumwa kifua, anaweza. Mwulizeni munganga pasipo haya. Maswali hayo anayasikia kila mara.

USINGIZI ULIOPOTEA UNAFIKA MGODINI

Hapa ndipo nyumba na kazi vinakutana. Mfanyakazi ambaye ndiye anayelinda usiku, au ambaye simu yake inalia saa nane ya usiku kutoka Kamina, anafika posti ya asubuhi akiwa amelala saa tatu. Katika mwaka 1997 wachunguzi wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe katika lita moja ya damu. Akifika saa 24, ni kama amekunywa karibu mara mbili ya hiyo. Mlangoni tunapima pombe. Usingizi hatuupimi. Dereva wa kamyo kubwa aliyemketisha mama yake usiku kucha hana harufu yoyote kinywani.

Basi mwambie shefu wako mapema. Mwambie kabla ya kupanda juu ya mashini: usiku nimemlinda mgonjwa, sikulala. Tunajua wengi wanaogopa kuonekana wavivu, wengine wanaogopa kukatwa siku. Nanyi mashefu, mfanyakazi anayekuja kusema hivyo anawaepusha na ripoti ya ajali. Mpeni kazi ya chini kwa siku ile, msimcheke mbele ya wenzake. Atakayechekwa leo, kesho atanyamaza.

KUGAWA USIKU

Familia nyingi zinasaidiana kwa feza, na ni vizuri. Yule wa Kolwezi anatuma kwa simu, wa Likasi anatuma, wa Lubumbashi anatuma akipata. Lakini feza ya dawa haimpi mlinzi usingizi. Walio mbali wangeweza kulipa pia mtu wa kufua, au mtu wa kuchota maji, au nauli ya mdogo wao aje Kamina akae wiki mbili ili mlinzi alale. Mtu akituma feza aulize: hii ni ya mgonjwa, na ya anayemlinda iko wapi?

Walio karibu wagawane usiku kama posti. Usiku mbili kwa wiki mlinzi alale katika chumba kingine, mlango umefungwa, na mwingine aamke. Wanaume pia. Tunasikia wakisema kazi hiyo ni ya wanawake. Lakini kumwinua mtu wa kilo 70 kumketisha kitandani ni kazi ya mikono ya mtu wa mgodi kuliko ya bibi aliyejifungua juzi. Kama mgonjwa ni mama, na haya zinazuia kumwogesha, mtoto wa kiume anaweza kukaa karibu naye, kuhesabu dawa, kumwita mwanamke wakati wa lazima tu. Watoto wasaidie mambo madogo, kuleta maji, kusoma daftari kwa sauti. Wasiondolewe masomo.

Hospitalini ni vilevile. Kila mtu wa Congo anajua: mgonjwa haingii hospitali peke yake. Mlinzi anaingia naye na mukeka, sufuria, makala na beseni. Anapika uani, anakimbia farmasi na kartasi ya dawa, analala chini kando ya kitanda. Siku kumi hivyo, na anayetoka akiwa dhaifu zaidi huenda akawa yeye. Mbadilishane kila siku tatu au nne. Kama mnatumwa Lubumbashi, kiasi cha kilometa 600 kwa reli kutoka Kamina, kubadilishana kunakuwa kugumu. Basi jueni kabla ya kupanda treni nani wa ukoo yuko kule na zamu yake ni ipi. Chukueni daftari na pakiti zote za dawa, hata zile tupu. Na kabla ya kuuza shamba au nyumba kwa safari ya mbali zaidi, mwulizeni munganga kwa maneno wazi: safari hii itambadilishia nini mgonjwa? Kwa valvu zilizoharibika upasuaji unaweza kusaidia sana. Kwa moyo uliolegea kwa tansio, mara nyingi dawa za kila siku ndizo zenyewe.

Juu ya malipo: Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amtunze mfanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa, na kwa familia sheria inamtazama kwanza mume au mke na watoto. Baba na mama wa mfanyakazi kwa kawaida hawamo, na wengi wanalijua hilo mlangoni mwa hospitali tu, wakati umechelewa. Ulizeni ofisi ya wafanyakazi sasa, mgonjwa akiwa na nafuu. Lakini tazameni upande wa pili wa jambo hilo. Nkambo hana haki ile. Bibi anayemlinda anayo. Kama anaishi Kamina na kazi iko Kolwezi, uliza ni dispanseri gani ya Kamina inayopokea familia za kompani, na kartasi gani anahitaji.

USIKU PUMZI IKIKATIKA

Mlinzi akijua la kufanya, mikono haitetemeki sana. Mketishe mgonjwa wima, miguu ining'inie chini ya kitanda. Fungua dirisha, watu wengi watoke chumbani, makala yasiwake ndani. Usimlaze chali, usimnyweshe kwa nguvu, usimwongezee dawa kwa kukisia. Kama pumzi hairudi, au anatoa povu lenye rangi ya damu, au amezimia, au kifua kinambana, au mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, ni hospitali usiku uleule, usingoje kuche. Namba ya mwenye pikipiki au gari iwe imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, na mwenye gari awe ameombwa mchana, kabla ya shida.

Na kama siku moja mgonjwa anaondoka, mlinzi aachwe alale. Mwili wake utaendelea kuamka saa nane ya usiku kwa majuma, ukisikiliza pumzi ambayo haipo tena. Atakaa na mikono isiyojua la kufanya. Watu wa matanga wanamtuma kupika kwa sababu ndiye anayejua chungu kiko wapi. Wapike wengine.

Kwa nyumba ambazo mgonjwa angali nazo, tunaomba jambo moja wiki hii. Siku mnapompeleka nkambo kupimwa tansio, mlinzi naye aketi juu ya kiti kilekile. Apumzike dakika tano kwanza, asizungumze, mkono uwe juu ya meza. Infirmye ampime. Ikiwa 140 juu au 90 chini, au zaidi, arudi siku nyingine apimwe tena, na ikibaki hivyo aanze matunzo yake mwenyewe. Hesabu ziandikwe katika daftari lile, ukurasa wa pili, chini ya jina lake.